Mjane, shemeji na kitanda kilichojaa watu: je, riwaya yangu ni uchafu?

*"Mwalimu, pokea salamu. Nina miaka 33, nafanya kazi kwenye duka la dawa hapa Kondele, Kisumu, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiandika riwaya usiku. Inamhusu mjane wa Nyakach, mwaka 1998. Mumewe amefariki na ukoo umemteua shemeji amrithi. Ukweli ni kwamba mjane huyu alimtamani shemeji huyo tangu mume akiwa hai. Anajua pia kilichomuua mumewe. Shemeji hajui, na yeye hamwambii. Usiku wa tatu baada ya maziko wanalala pamoja. Tukio hilo nimeliandika bila kuficha. Nimekuambatishia mswada wote; tukio lenyewe liko sura ya tisa. Dada yangu aliifungua kwenye kompyuta akaniambia huu ni uchafu wa wazungu niliouvalisha gauni la Kijaluo, na kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kuyachanganya mapenzi na mauti. Halafu kuna kijana anayeuza simulizi za kikubwa kwa WhatsApp, yeye anataka nipunguze msiba niongeze moto, atanilipa kwa kila sehemu. Je, nina kasoro? Nikichapisha naweza kushtakiwa? Tukio lile nilifute, nilifunike au niliache? Sehemu ya hadithi nimeitoa kwenye maisha ya shangazi yangu, ambaye bado yupo. Na nikimaliza kuandika huwa natetemeka, silali hadi alfajiri. Nitumie jina la bandia?"*

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma, mswada nimeupitia, na sura ya tisa nimeisoma kwa kalamu mkononi. Nianze na lile linalokukera zaidi. Huna kasoro. Jinsi nilivyokuelewa, polisi ndio wanaokutisha kidogo kabisa katika haya yote. Unachoogopa ni kwamba kuweza kuyawaza mambo haya ni ushahidi dhidi yako, na kwamba dada yako ameuona ushahidi huo kabla yako. Kwa hiyo hebu kwanza tuone hamu na mauti vinakutania wapi, maana havikukutanishwa na wewe.

Mtu mwenye hofu na mtu mwenye hamu, ukiwapima, utapata ishara zilezile: moyo unaenda mbio, pumzi inapanda, viganja vinalowa. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, waliwachunguza wanaume waliokuwa wakivuka daraja la kamba la Capilano huko Kanada, daraja refu linaloyumba juu ya bonde lenye kina cha kutisha. Msichana aliwasimamisha, akawapa maswali machache, akawaomba waandike kisa kifupi kutokana na picha, kisha akawaachia namba yake ya simu. Waliokuwa kwenye daraja la kuyumba walimpigia kwa wingi kuliko waliovuka daraja imara la karibu. Na visa vyao, hapa ndipo penye faida kwako, vilikuwa na mapenzi mengi zaidi. Wanasaikolojia wamebishana sana juu ya tafsiri ya matokeo yale, lakini sisi wa huku hatukuhitaji kwenda Kanada. Mtu yeyote aliyekesha kwenye matanga anajua. Jenereta linanguruma, muziki unapigwa hatua chache kutoka kwenye jeneza, na watu ambao mwezi mzima hawakusalimiana wanatafutana gizani nyuma ya migomba. Machifu hupiga marufuku disko matanga kila mara, na wanajua kwa nini. Mwili ulioona kifo unataka kuthibitisha kwamba wenyewe bado upo. Baadhi ya wajane hupatwa na hamu kali katika miezi ya kwanza ya msiba, kisha huona aibu kubwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba jambo hilo hutokea. Mjane wako amepatwa na jambo la kawaida. Kilichokuwa nadra ni mtu wa kuliandika.

Sasa hili la "uchafu wa wazungu". Dada yako ana nusu ya hoja, kwa sababu wapo Wazungu waliolifanya somo hili kuwa kazi ya maisha yao. Georges Bataille, mkutubi Mfaransa aliyefariki mwaka 1962, alilichunguza kwa undani kuliko wengi. Kwake, mwiko na kuvunja mwiko haviui kila kimoja mwenzake, vinalishana. Bila katazo hakuna kinachowaka. Lakini mwambie dada yako, au usimwambie, kwamba mzee yeyote wa Nyakach angemsikiliza Bataille kwa nusu saa kisha amuulize kama hayo ndiyo yote aliyo nayo.

Mchukue Lwanda Magere. Sote tulisimuliwa: shujaa wa Kijaluo wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ya Walang'o (Wanandi) ikimgonga na kudondoka. Maadui waliposhindwa kwa silaha wakampelekea msichana mrembo awe mke. Wazee walimwonya. Akamwoa. Siku moja akaugua, akamwomba mke huyo amchanje ili apake dawa, wembe ukagoma. Ndipo akamwambia chanja kivuli changu. Akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku mke akatoroka hadi kwao na siri hiyo, na katika vita vilivyofuata mkuki ulilenga kivuli, Magere akaanguka. Jiwe linaonyeshwa hadi leo upande wa Kano.

Shuleni tulifundishwa kwamba funzo la hadithi hii ni kutowaamini wanawake wa kigeni. Sijui ni nani aliyetuuzia funzo hilo la bei rahisi. Hebu isome tena kama mwandishi. Hapa kuna mtu asiyeweza kuguswa na chochote, anayemchagua mtu mmoja wa kumwonyesha mahali damu inapotokea. Kwa nini alimwambia? Alikuwa mgonjwa, naam, lakini wagonjwa huita mama zao. Yeye alimwita msichana aliyeletwa kumuua. Na msichana, wembe mkononi, alipoona damu ikitoka ardhini, je, alifurahi? Alimpenda? Hadithi haisemi hata mara moja. Uwazi huo ndio unaoifanya iishi vizazi na vizazi. Hamu, mamlaka na kifo, vyote vimekaa kwenye kitanda kimoja, na hakuna Mzungu hapo.

Nimeirefusha hadithi hii makusudi, kwa sababu mjane wako ni ndugu wa msichana yule. Na yeye anajua mahali damu inapotokea.

Katika riwaya ya aina yako, swali la kuonyesha mwili kiasi gani linakuja mwisho, tena huwa linajijibu lenyewe. Linalotangulia ni nani anajua nini, nani anaweza kukataa, na atakayekataa atalipa nini. Wewe umejaaliwa fundo ambalo waandishi wengi hulitafuta bila kulipata. Ukoo umempa shemeji mamlaka juu ya mjane: asiporithiwa hatajenga, hataingia kwenye nyumba za watu, shamba litakuwa mashakani, na kila mtoto akikohoa itaogopewa *chira*, laana ya aliyevunja mwiko. Lakini siri ya ugonjwa, yaani ukimwi uliomuua mumewe, imempa mjane mamlaka juu ya uhai wa shemeji. Kila mmoja ameshika shingo ya mwenzake, mmoja kwa mkono wa wazee, mwingine kwa ukimya. Juu ya hapo kuna lile ulilolianzisha vizuri kisha ukaliogopa: mjane anakitamani kitu anacholazimishwa. Atajuaje kama ametaka au ametii? Na sisi tutajuaje?

Ukalikimbia. Katika sura ya tisa, kabla hata hajafungua mlango, umeandika kwamba "alijitoa kwake kwa hiari kamili". Sentensi hiyo ifute leo. Ndiyo sentensi chafu pekee niliyoikuta katika kurasa zako zote, kwa maana ya uchafu ninayoijali mimi: inadanganya. Mwanamke ambaye ardhi yake, watoto wake na salamu za majirani vinategemea usiku mmoja hana hiari kamili. Ana hamu, na hamu yake ni ya kweli, lakini hiari kamili ni kitu kingine. Riwaya ina ruhusa ya kuonyesha watu wakilazimishana, wakidanganyana, wakiuana polepole. Haina ruhusa ya kuita kulazimishwa jina la penzi ili msomaji astarehe. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yako kuhusu nini kifutwe yanajijibu.

Kuna jambo la mila ambalo hujalitumia na linakungoja. Katika dala, yaani boma la Kijaluo, kitanda hakikuwa cha watu wawili. Kupanda, kuvuna, kuhamia boma jipya, kumaliza msiba, yote yalikuwa na usiku wake wa kulala pamoja, na usiku huo ulifuata ukubwa. Mdogo akimtangulia mkubwa, ni *chira*. Maana yake watu wanne au watano, wakiwa kwenye nyumba zao, walijua kinachofanyika kwenye nyumba ya mjane usiku ule, na kila mmoja alikuwa na haja nacho. Mama mkwe anasubiri asubuhi ili maisha ya dala yaendelee. Mke wa kwanza wa shemeji, kama yupo (kwako yupo, jina amepewa, sauti hajapewa), amelala macho wazi. Wewe umeiandika nyumba kana kwamba iko kisiwani. Irudishe dalani. Acha mjane asikie kikohozi cha mama mkwe kupitia ukuta wa udongo, na ajue kwamba yule naye anasikia. Hapo hutahitaji kueleza mamlaka kwa aya nzima, yatakuwa yamo chumbani. Na utaona jinsi hamu inavyozidi pale inapobidi kunyamaza.

Mwaka 1998 nao si pambo. Serikali ilikuja kuutangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999, kwa hiyo watu wako wanaishi kwenye ule ukimya wa kabla. Dawa za kupunguza makali hazikuwa zimefika kwenye hospitali za umma. Aliyeambukizwa kijijini aliambukizwa kifo. Ugonjwa uliitwa majina mengine yote isipokuwa lake, na wengi walisemwa kwamba wamepata *chira*, kwa kuwa dalili za kukonda zilifanana na zile walizozitaja wazee. Ndio miaka ambayo baadhi ya kina shemeji walianza kukataa kurithi, na familia zikaanza kulipa wanaume wa mbali waje kufanya kazi hiyo na kuondoka. Shemeji wako amekubali bila kusita. Kwa nini? Msomaji wa Kisumu atauliza swali hilo ukurasa wa kwanza, na hujalijibu. Labda naye alimtamani. Labda naye anajua, na anajua kwamba mjane anajua. Sikuandikii riwaya, lakini fikiria hilo la pili kwa siku mbili tatu kabla hujalitupa.

Ufunuo nao uko mahali pabaya. Umetuficha siri hadi sura ya kumi na moja, kisha unaturushia kama bomu. Tunashtuka, ndiyo, kwa dakika moja. Lakini sura ya tisa tumeisoma kama mapenzi ya kawaida ya wajane na mashemeji. Ukitwambia siri katika sura ya nne, tukaketi na mjane pembeni ya kitanda cha wodi akisoma kadi ya mumewe, basi kila kinachogusa ngozi katika sura ya tisa kitatuumiza. Tutamwonea huruma, tutamchukia, tutataka ashikwe mkono na tutataka akomeshwe, yote katika aya moja. Msomaji anayejua humsaidia mwandishi kubeba mzigo.

Nije sasa kwenye tukio lenyewe. Usilifute. Riwaya nzima inaelekea pale. Ukifunga mlango usoni mwa msomaji utakuwa umemdanganya. Kulifunika nako kuna hatari yake: tukikimbilia mawimbi ya ziwa, maua yanayochanua na mvua inayonyesha, tunapata kitu laini kisichomdhuru mtu, wakati tukio lako linapaswa kudhuru. Lakini kuliacha lilivyo, hapana. Kurasa tatu kati ya tano ulizoandika ni orodha ya viungo na mwendo wake. Sizikatai kwa sababu ya haya. Nazikataa kwa sababu, ukibadilisha majina, watu wowote wawili popote duniani wangeweza kuingizwa humo. Mjane na shemeji hawamo.

Kisha kuna mistari minne ambayo ni wewe mtupu. Shemeji anasikia baridi, anainuka, anachukua koti linaloning'inia kwenye msumari na kulitandaza juu yao wote wawili. Ni koti la marehemu. Mjane analivuta hadi kidevuni, ananusa tumbaku na dawa ya hospitali, na kwa mara ya kwanza usiku ule analia, na shemeji anadhani analia kwa raha. Nilirudi kuusoma mstari huo wa mwisho. Nilipata ubaridi mgongoni. Hapo kuna miili miwili uchi, kuna maiti, kuna uwongo, na hukuhitaji kutaja kiungo hata kimoja. Tukio zima liandike upya kutokea kwenye koti hilo. Mikono iwepo, ngozi iwepo, uchu uwepo, usiwe msichana wa kwaya ghafla, lakini kila mguso uwe na habari: anamgusa wapi, akimkumbuka nani, akimficha nini. Mguso usio na habari, kata. Ukimaliza utakuta zimebaki kurasa mbili, na zitakuwa kali kuliko tano.

Yule kijana wa WhatsApp hana makosa, anajua biashara yake. Chombezo, yaani simulizi za kikubwa kama zake, lina kanuni zake: msomaji analipia kupandishwa, kuachwa ananing'inia mwisho wa sehemu, na kurejea kesho. Siwadharau wanaoliandika, wapo wenye ufundi wa mazungumzo ambao waandishi wa vitabu hawana. Lakini wewe umeandika kitu ambacho raha yake ina bei, na anachokutaka ufanye ni kutoa bei. Msiba ukitoka, kinachobaki ni mwanamke na shemeji yake, na hivyo anavyo tayari vingi. Kama unahitaji pesa, na sitajifanya sijui mishahara ya dukani, muandikie kitu kingine kabisa kwa jina lingine. Hii usimpe, hata sehemu moja ya kuonja. Ikishaanza kutumwa kwenye makundi hutaishika tena, na mchapishaji atakayesikia kwamba tayari inazunguka bure hatakuwa na hamu nayo.

Kuhusu sheria, nitakwambia ninachokijua kama mhariri, kisha utamwona wakili. Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinakataza kuchapisha na kuuza maandishi machafu yanayoelekea kupotosha maadili. Adhabu yake ni hadi miaka miwili jela au faini ya shilingi 7,500. Faini hiyo inakuonyesha umri wa sheria yenyewe. Kwa upande wa pili, ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inataja wazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Katikati ya hivyo viwili kuna uwanja, na riwaya ya fasihi yenye watu wazima, yenye uzito kama yako, imesimama upande ulio salama zaidi wa uwanja huo. Bodi ya kuainisha filamu, ambayo watu wengi huitaja kwa hofu, kazi yake ni filamu. Kitabu chako hakipiti kwao. Ila kuna mpaka ambao hauna mjadala wa sanaa wala wa mila: asiwepo mtu wa chini ya miaka 18 kwenye tukio lolote la aina hii, hata kwa kumbukumbu. Kwako hayupo. Pawe hivyo.

Sheria nyingine mbili zinakuhusu kwa njia usiyoitarajia, maana wasomaji wako watakuja nazo kichwani ingawa wahusika wako hawakuwa nazo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamwadhibu anayeambukiza virusi kwa makusudi. Sheria ya kukinga dhidi ya ukatili wa nyumbani ya 2015 inaorodhesha kurithiwa kwa nguvu na "kutakaswa" kwa wajane kuwa ukatili. Kwa macho ya leo, basi, kitandani pale kuna wahalifu wawili na waathiriwa wawili, na ni watu haohao. Usijaribu kutupunguzia ugumu huo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni shangazi. Umelitaja katika sentensi moja fupi kuelekea mwisho wa barua, kama mtu anayetaja maumivu ya kifua akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango wa daktari. Shangazi yupo hai. Aliyemrithi pengine yupo hai. Nyakach si New York. Mtu akisoma mjane, shemeji, mwaka na mahali, jioni hiyohiyo jina litakuwa limetajwa. Na kinachofichuka hapo ni hali ya afya ya mtu, ambayo ni zito kuliko habari za kitandani. Tangu 2006 kuna sheria mahususi ya virusi vya ukimwi inayokataza kutangaza hali ya mtu bila idhini yake. Iwapo siri yangu mwenyewe ingekuwa kwenye kitabu, kikauzwa Kibuye sokoni, ningejisikiaje? Jiulize hivyo kabla ya kumuuliza wakili.

Fanya mambo mawili. Kwanza badilisha alama zote: hamisha dala, tuseme upande wa Rusinga au Budalang'i (ukienda Budalang'i mila pia zibadilike, usiwape Wanyala mila za Wajaluo), badilisha kazi ya marehemu, idadi ya watoto, chanzo cha siri. Koti libaki kama ni lako. Kama ni la shangazi, tafuta kitu kingine. Pili, nenda ukamwone. Usimpelekee mswada, mpelekee sukari na muda. Mwambie unaandika kisa cha mjane na kwamba baadhi ya uchungu umeuona kwake, kisha nyamaza umsikilize. Anaweza kukataa, na akikataa utakuwa na kazi kubwa zaidi ya kubuni, ambayo mara nyingi huizidi kweli. Anaweza pia kukushangaza. Wanawake wa rika lake wameyanyamazia mambo haya kwa sababu hakuna aliyeuliza kwa adabu.

Na kutetemeka. Kuna mtetemeko wa kazi: umeingia mahali pazito, umetoka, mwili unachelewa kutulia. Huo dawa yake ni kuacha kuandika saa moja kabla ya kulala, kuoga, kula kitu, kusoma kitu chepesi. Lakini kuna mtetemeko wa aina nyingine, pale mtu anapoandika ya mhusika huku mwili wake ukikumbuka yake mwenyewe. Dalili zake unazijua kwa kuwa unafanya kazi karibu na dawa: picha zinazokuja bila kuitwa, kushtuka ukiguswa, kuzikwepa njia au sauti fulani, na kukosa usingizi hata usiku usioandika. Sikuulizi ni upi. Sina haki ya kuuliza. Iwapo ni huo wa pili, mswada ungoje, na uende kwa mtu wa ana kwa ana. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapo mjini ina kituo cha kuwahudumia waliopitia ukatili wa kijinsia, na hakiwahudumii waliopitia jana tu. Simu namba 1195 hupigwa bure saa yoyote. Kuandika kunaweza kuongozana na ushauri nasaha vizuri sana, ila hakushiki nafasi yake.

Dada yako usimpe sura nyingine, wala usimwombe radhi. Alifungua faili ambalo halikuwa lake akakuta chumba kimejaa watu. Amepata kizunguzungu, kitapita au hakitapita. Akitishia kumwambia mama, mwambie mama wewe mwenyewe kwanza, kwa sentensi moja: naandika riwaya ya mjane, ina mambo ya watu wazima. Mama zetu wa huku wameosha maiti na wamezalisha wake wenza; hawashtuki haraka kama tunavyodhani.

Jina la bandia tumia, kama litakupa pumzi kazini na kanisani. Ila usilitegemee kumlinda shangazi, kwa sababu watu hawatamtafuta mwandishi, watamtambua mhusika. Lichague sasa, kabla hujamtumia mhariri yeyote, na ulitumie hilohilo kila mahali. Mkataba lakini utiwe saini kwa jina lililo kwenye kitambulisho, na jina la bandia litajwe humo kuwa ni lako, la sivyo siku ya malipo utaanza kujithibitisha wewe ni nani. Na kabla ya kusaini mpe wakili asome kifungu kinachohusu kashfa, ujue nani atalipa iwapo mtu atadai amechafuliwa jina. Wachapishaji wengi hukitupia chote mabegani mwa mwandishi. Sura ya nne ukiisha kuiandika upya, nitumie hiyo kabla ya ya tisa.